Dada, msihamie lugha ya shule nyumbani

Dada usikubali, tafadhali. Nimesoma hadi pale uliposema mwalimu wa huko ugenini kawashauri mkiwa nyumbani muache kuongea lugha yenu, muongee ya shule tu, eti kwa sababu binti ana miaka 13 na anaona aibu kuiongea ya kwenu, nikashindwa kupita kimya. Kwetu tuliambiwa maneno hayo hayo na mwalimu wa mdogo wangu, kwamba lugha mbili zinamchanganya mtoto, na wazee wangu walikuwa wageni kwenye nchi ya watu, wakaona mwalimu ndo anajua, wakatii.

Sasa sikia kilichofuata. Baba na mama lugha ya shule walikuwa nayo ile ya kazini tu, ya kupokea maagizo na kujaza fomu. Ukimnyang'anya mzazi lugha yake anabaki na maneno ya kuamrisha, kula, lala, zima simu, mbona umechelewa. Hadithi zikaisha, utani ukaisha, yale maongezi ya usiku ya kumuonya mtoto taratibu nayo yakaisha. Dogo alivyofika miaka 15 akaanza kuandamwa na wenzake shuleni mpaka akawa halali, na baba kila akikaa naye amwambie kitu cha maana maneno hayaji, anakosea, dogo anamsahihisha, mzee anapandisha hasira, mlango unabamizwa. Ikabidi mimi nikae katikati natafsiri, yaani mtoto na baba yake mzazi, nyumba moja, wanahitaji mkalimani! Na kuna mambo kijana wa kiume hawezi kumwambia baba yake kupitia kwa dada yake, kwa hiyo hayakusemwa kabisa. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko yote. Na huko shule alikotakiwa afanane na wenzake hawakumuona mwenzao, jina na sura vilikuwa vile vile, halafu ndugu wakipiga simu anakimbia chumbani maana hana la kuwajibu.

Kinachonikasirisha ni kwamba haya yalikuwa yanajulikana. Mtafiti wa lugha Jim Cummins wa Kanada alishaeleza tangu 1979 kwamba uwezo wa mtoto kwenye lugha yake ya kwanza unambeba kwenye ya pili. Mwaka 1991 mtafiti mwingine, Lily Wong Fillmore wa Marekani, akaandika kuhusu familia za wahamiaji ambazo watoto walipoteza lugha ya nyumbani, wazazi wakabaki hawana namna ya kuwafunza wala kuwashauri, ukisoma unadhani alikaa sebuleni kwetu. Halafu mtu anasimama mbele ya mzazi mgeni anamwambia kwa kujiamini kabisa aache lugha yake, na madhara yakija yeye hayupo, ana darasa lingine.

Kwa hiyo shika hili moja: wewe mzazi usihame. Binti akijibu kwa lugha ya shule mwache ajibu, usimkemee, usimcheke matamshi na usiruhusu shangazi wala mjomba yeyote amcheke, ila wewe endelea na yako, tena hasa kwenye mambo mazito na kwenye utani, maana huko ndo utakuwa mama mzima na sio nusu. Aibu ya umri huo huiondoi kwa amri. Inayoipunguza ni kuwa na wenzake wa rika lake wanaoongea lugha hiyo hiyo ya kwenu. Mwanasaikolojia Jean Phinney na wenzake mwaka 2001 walichapisha utafiti wa vijana wa familia za Kiarmenia, Kivietinamu na Kimeksiko huko Marekani, wakaona kuijua lugha na kuwa na marafiki wa asili moja ndo vilivyokwenda pamoja na kijana kujitambua kuwa ni wa kwao, na wazazi wanaotunza mila nyumbani ndo wenye watoto wanaoijua lugha. Basi mtafutie hao wenzake, hata wawili watatu.

Yale uliyouliza ya programu za simu na darasa la Jumamosi za kumfundisha binti lugha yenu wengine watakujibu, mimi nimekuja kwa hili tu. Huyo mwalimu akirudia, mwambie ya shule amfundishe yeye huko shule, nyumbani mna yenu.