Siku Zangu Zimo Ndani ya Ukili

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mambo gani ya kila siku yanayoongoza mkono wako unapofanya sanaa?" Mimi ni msusi wa mikeka hapa Mikindani. Nimesuka tangu nikiwa mtoto, nikimkalia bibi yangu ubavuni, na kwa miaka 22 sasa nasuka ili nile. Najua wapo watakaosema mkeka si sanaa. Sitabishana nao. Nitaeleza tu unavyotengenezwa, maana jibu langu lote limo humo.

Ukindu, yaani majani ya mkindu, huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, huanikwa, kisha husukwa ukili: ukanda mwembamba, upana wa vidole vinne hivi, urefu wa pima na pima. Kazi ya ukili haina karakana. Nasuka nikingoja wali ukauke. Nasuka kituoni nikingoja gari la kwenda Mtwara mjini, nasuka nikiwa nimekaa msibani na wenzangu, na usiku umeme ukikatika vidole vinaendelea vyenyewe gizani. Mkeka mmoja mkubwa hunichukua miezi miwili ya robo saa robo saa.

Halafu inafika siku ya kushona. Nachukua shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, nauzungusha ukili, ukingo juu ya ukingo, mpaka unakuwa kama pipa lisilo na kitako. Pipa hilo nalipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini, linalala chini na kuwa mkeka, kisha nazungushia taraza, ukanda wa pembeni. Kwa sababu ukili unashonwa kwa kuzunguka, kipande nilichosuka Jumatatu kinakuja kulala bega kwa bega na kipande cha wiki iliyofuata. Siku ya furaha inapakana na siku ya homa. Sipangi mimi. Napangiwa na mzunguko.

Ndiyo maana swali lenu limenigusa sana. Wasanii wengi huulizwa wanapata wapi mawazo, nao hutaja bahari, machweo, ndoto. Mimi natazama mkeka wangu naona nilikuwa wapi. Ninao mmoja ambao sitauuza. Ukili wake niliusuka mama alipolazwa, siku 19, nikiwa kwenye benchi la wodi. Sikujua kwamba mkono wangu ulikuwa unakaza. Nilipokuja kushona, sehemu ile ikavuta, mkeka ukajikunja katikati kama mtu aliyeshikwa na baridi. Nilitaka kufumua. Mama, alikuwa amerudi nyumbani na nguvu kidogo, akaushika akasema, "Mwanangu, acha. Hapa ulikuwa na mimi." Anaulalia yeye hadi leo. Tangu wakati huo, mkono ukikaza au ukilegea, natambua, lakini siulazimishi urudi.

Rangi nazo zina hadithi yake. Dukani kuna pakiti za rangi, zambarau na kijani kibichi, nami nazitumia kama wenzangu wote. Bibi alitumia mizizi ya mdaa kwa rangi nyeusi, na manjano ya jikoni kwa njano. Lakini njano yangu mimi haikutoka kwa bibi. Ilitoka mikoroshoni. Kila mwaka, kuanzia Juni hivi, wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na ukipita shambani alfajiri unakuta majani yamepakwa vumbi la njano, la kufifia, lililoshika umande. Watu huziba pua wakapita. Mimi husimama. Njano ya pakiti inapiga kelele. Ile ya salfa juu ya jani la kijani inanong'ona. Nilijaribu miaka mitatu kupata mnong'ono ule, mpaka nikagundua kwamba njia ni kuchemsha manjano kidogo kisha kuuacha ukindu juani siku mbili zaidi ya kawaida, upauke.

Msimu wa kuokota, kuanzia Oktoba, ndio unaoharibu na kutengeneza kwa pamoja. Unanyofoa korosho kwenye bibo, tunda lake, kutwa nzima, na maji ya bibo hayatoki kwenye nguo hata ufue vipi. Mwaka mmoja niliacha ukindu mweupe karibu na ndoo ya mabibo, ukarukiwa. Madoa ya kahawia, hayana mpangilio, hayafutiki. Nilikuwa sina ukindu mwingine. Nikasuka hivyo hivyo, na madoa yakajitawanya ndani ya ukili kama vifaranga uwanjani. Sasa nayatia kwa makusudi, kwa bua nililochovya. Kuna kitu pia kuhusu mnada: bei ya korosho inapotangazwa redioni, mtaa wote unanyamaza, na bei ikiwa mbaya hakuna anayeongea mpaka jioni. Ukili wa siku kama hizo huwa mnyoofu mno. Mtu anasuka vizuri sana akiwa hataki kufikiri.

Nimesikia habari za Edward Saidi Tingatinga, jirani yetu huyu wa Tunduru, aliyechora wanyama wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vibao vya dari kwa rangi ya baiskeli. Watu husimulia hilo kama habari ya umaskini. Mimi nalisikia tofauti. Rangi ile inang'aa, haichanganyiki kwa upole, na mstari wake ndivyo ulivyo: mkali, safi, bila kusitasita. Angepewa rangi nyingine tungekuwa na chui mwingine. Fundi wa kuchonga mpingo ninayemjua, Mmakonde wa Newala, naye huanza kwa kuugeuzageuza mti siku nzima. Akikuta umepinda, sanamu inapinda. Ile nyama nyeupe ya nje, inayozunguka moyo mweusi, huiacha mahali anapotaka nywele au kitambaa.

Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja aliponiagiza mikeka kumi "inayofanana kabisa", niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Nilichukua kazi, nilihitaji fedha. Mkeka wa tano ulitofautiana na wa nne kwa sababu mtoto alikuwa na surua. Mfanyabiashara aliukataa. Aliniambia mashine ya plastiki haikosei. Ni kweli, haikosei, na mikeka ile ya plastiki ni rahisi kufua, siwalaumu wanaoinunua. Ila mteja anapoketi juu ya mkeka wangu ameketi juu ya miezi miwili ya mtu fulani wa Mikindani, na hilo nataka lionekane.

Sasa hivi kinachonisumbua ni mashamba ya chumvi. Nayapita kila nikienda mjini. Maji yakiwa yamekaribia kukauka, vitalu vingine hugeuka waridi, waridi chafu yenye udongo ndani yake, kimoja hivi, cha pili hivi, na kingo nyeupe katikati. Ni mkeka uliokwisha kutandikwa, mimi nimechelewa tu. Nimeomba maganda ya mkoko kwa mafundi wanaobandua boriti, maana yakichemshwa hutoa wekundu. Juzi rangi ilitoka kama kutu. Jana nilipunguza maganda nikaongeza chumvi, ikatoka kama chai. Leo sufuria iko jikoni tena, na pima saba za ukili mweupe zinaningoja mlangoni.

Msomaji wenu, Mikindani