"Ipi Kali Zaidi?" Swali Lililonipeleka Wodini

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Mwalimu, magoti ya mama yamesagika. Kati ya diklofenaki na meloksikamu, ipi kali zaidi?" Hizo zote mbili ni dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Nikausoma ujumbe huo mara tatu. Ni swali lile lile nililouliza mimi dirishani pa duka la dawa nikiwa na miaka 52.

Goti langu la kulia lilikuwa likivimba kila jioni mpaka suruali inabana. Nikapewa diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni, na ndani ya siku tatu nikawa napanda ngazi za shule kama kijana. Basi nikaimeza miezi minne bila kupima hata presha. Goti liliporudi kuuma, muuzaji yule yule akaniongezea ibuprofeni. Hakuniambia kwamba hizo mbili ni ukoo mmoja, kwamba ukizichanganya nafuu haiongezeki, kinachoongezeka ni madhara. Hilo bado linaniuma. Usiku mmoja nikapata choo cheusi kama lami, nikaanguka mlangoni. Niliongezewa chupa mbili za damu.

Tangu hapo nimejifunza, na nakusihi nawe ujifunze. Dawa hizi huzuia vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini) viitwavyo COX. COX-2 ndicho huchochea uvimbe na maumivu; COX-1 hulinda utando wa tumbo. Ibuprofeni na naprokseni hupiga vyote viwili. Meloksikamu huegemea COX-2, na selekoksibu hukilenga zaidi, kwa hiyo tumbo huepuka madhara kiasi. Lakini usikimbilie huko ukadhani umeokoka: rofekoksibu, ya kundi hilo la selekoksibu, iliuzwa kwa jina la Vioxx mpaka kampuni ya Merck ilipoiondoa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo si rafiki wa moyo. Naprokseni huonekana kuwa na nafuu upande wa moyo, ila tumbo hulisumbua. Na zote, bila kubagua, huweza kuumiza figo na kupandisha presha.

Kwa dozi kamili, nguvu zao dhidi ya maumivu hazipishani sana. Zinapishana mahali zinapodhuru. Kwa hiyo acheni, ndugu zangu, kuuliza ukali! Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, baada ya kula, na kamwe usimeze mbili za ukoo huu pamoja. Mimi leo natumia jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, kwa sababu ni kidogo tu inayoingia kwenye damu. Ikibidi vidonge, daktari huniandikia pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo.

Dada yangu, sijakujibu bado, nisamehe. Niambie kwanza: mama ana presha, na anameza dawa gani za presha? Amewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Figo zake zilipimwa lini?