Vifaa vidogo vya shaba kwenye boti ya mfano: mchovyo ndio unaochagua lehemu

Mkuu, nimeziona picha za Riva Aquarama yako ya 1:10 (mfano wa ile boti ya mbao ya Kiitaliano, mara kumi ndogo kuliko yenyewe) na kwa upande wa mbao sina neno. Tuje kwenye vyuma. Umeuliza kwa nini zile pembe za kufungia kamba, ulizolehemu kwa waya wa risasi wa mafundi redio, zimerudi kutoka kwa mchovya kromu zikiwa na doa la kijivu kwenye kila kiungo na malengelenge pembeni. Tena umeuliza kama unaweza kuchovya kromu mwenyewe nyumbani. Hilo la pili jibu lake ni hapana, na nitalirudia huko chini. La kwanza ndilo lenye maneno.

Waya wa mafundi redio ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Kwa nguvu unatosha kabisa kwa kipande cha sentimita mbili. Shida inakuja kwenye matangi ya mchovya, yale ya dawa ambamo kifaa huvishwa utando wa chuma kingine kwa umeme. Kabla ya kuchovywa, kifaa huoshwa kwenye dawa kali ya kutoa mafuta, kisha hutumbukizwa kwenye asidi ili uso wa shaba (nikisema shaba ya vifaa vyetu, ni ile ya njano) uwe safi. Ikiwa ni asidi ya salfa, risasi iliyo juu ya kiungo hugeuka ukoko mweupe usioyeyuka. Nikeli, ambayo hutangulia chini ya kromu, ikija hapo inakaa juu ya ukoko, haigusi chuma, na haikawii kuvimba na kubanduka. Karakana zenye vifaa kamili hufunika kwanza kila kitu kwa shaba nyekundu kutoka kwenye dawa ya sianidi, na huwa na asidi maalumu kwa vitu vyenye risasi. Ila fundi anayeishi kwa bampa na rimu hawezi kubadilisha mpangilio wake wote kwa ajili ya vipande sita vinavyoenea kwenye kiganja.

Ndiyo maana mimi kabla sijawasha moto najiuliza kwanza: hiki kitachovywa au hakichovywi? Kinachochovywa nakilehemu kwa lehemu ya fedha, basi. Kitakachopakwa rangi, au kitakachobaki na rangi yake ya shaba, risasi inatosha, na kwa vyuma virefu vya kushikia ubavuni risasi ni bora zaidi, kwa sababu moto wa lehemu ya fedha hulainisha waya wa shaba na ukishalainika unapinda hata kwa kuufuta vumbi.

Sasa lehemu ya fedha. Kinachopatikana kirahisi kwetu ni vijiti vya mafundi friji. Vile ni shaba nyekundu na fosforasi, vingine vikiwa na fedha kidogo, na ili vitiririke vizuri vinataka joto linalokaribia nyuzi 800. Shaba ya njano nayo huanza kuyeyuka kwenye 900 hivi. Kwa bomba la friji nafasi hiyo ni kubwa, kwa kijiti cha milimita 2 ni ndogo mno: unakodolea macho kiungo, ghafla pembe yote imejikunja kuwa tone. Tafuta lehemu yenye fedha asilimia 45 hadi 55, ambayo hutiririka kati ya nyuzi 640 na 680, na hakikisha imeandikwa haina kadimiamu. Zile za zamani zilikuwa nayo, na moshi wake huua mapafu. Ukishindwa kupata, nenda kwa sonara. Wengi wao hujitengenezea lehemu kwa kuyeyusha fedha na shaba ya njano pamoja, na watakukatia kipande. Inataka moto zaidi kidogo, lakini inafanya kazi. Mimi mwenyewe kushika moto nilifundishwa na mzee mmoja sonara wa Unguja, na sijaona fundi wa boti za mfano anayemfikia kwa kulehemu vitu vidogo.

Tuchukue hiyo pembe yako. Kibao cha chini ni bati la shaba la milimita 1. Usivisimamishe vinguzo juu ya kibao ukategemea lehemu ivishike. Toboa kibao, pitisha vinguzo mpaka vitokeze chini, na kimoja kiache kirefu kama sentimita mbili. Mguu huo ndio utakaopitisha umeme wakati wa kuchovya, na ndio utakaozama kwenye sitaha wakati wa kufunga. Ule ulalo wa juu wenye ncha mbili nao utobolewe kwa chini, ukae juu ya vinguzo kwa kubana. Kiungo kikishajibana chenyewe, lehemu kazi yake ni kujaza tu.

Paka flaksi, ile dawa inayosafisha kiungo ili lehemu itiririke. Boraksi tupu ya sonara huyeyuka karibu na nyuzi 740, kwa hiyo kwa lehemu ya 650 imechelewa. Nunua ile flaksi nyeupe iliyotengenezwa kwa lehemu ya moto mdogo. Lehemu yenyewe ikate vipande vya milimita 1, weka kimoja kando ya kila kiungo, upande wa chini usioonekana. Kisha fanya kazi kivulini, kwa sababu juani hutaiona rangi ya chuma. Pitisha moto kwenye kibao kizima, usiuelekeze kwenye lehemu. Flaksi itachemka, itavimba nyeupe, itatulia, halafu itakuwa angavu na yenye majimaji, na shaba chini yake itaanza wekundu hafifu. Hapo lehemu inaanguka yenyewe na unauona mstari mweupe ukizunguka kinguzo. Ondoa moto papo hapo. Lehemu hufuata joto, kwa hiyo ukiona imekimbilia upande mmoja jua upande wa pili ulikuwa wa baridi.

Kama kuna bomba lililozibwa pande zote mbili, kwa mfano mguu wa taa ya omo (mbele ya boti), toboa kitundu cha kupumulia mahali pasipoonekana. Bila hicho hewa ya ndani ikipata moto husukuma lehemu nje. Tena flaksi hujificha humo ndani, na wiki kadhaa baada ya kuchovya hutoka taratibu na kuacha utando wa kijani juu ya mng'ao wako.

Kusafisha: maji ya moto yenye asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wa kutengenezea juisi na jamu, robo saa hivi. Usitie kibano cha chuma humo. Chuma kikigusa dawa iliyokwisha kula shaba, vipande vyako vyote hutoka na rangi ya waridi. Tumia kijiti cha mbao au waya wa shaba.

Halafu msasa, na hapa sina mengi ila moja: mchovyo haufichi mkwaruzo, unautangaza. Panda mpaka msasa namba 2000, malizia kwa Brasso, osha kwa sabuni na maji ya moto mpaka maji yatande juu ya shaba bila kujikusanya matone. Na ukipeleka kwa fundi, mwambie wazi asikiguse kwenye gurudumu la kung'arishia. Gurudumu lile linalainisha kona zote, na likikupokonya kipande cha sentimita mbili hutakiona tena.

Kuhusu kromu yenyewe. Kile kinachong'aa kwenye bampa kwa sehemu kubwa ni nikeli, unene wa mikroni 10 hadi 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kromu juu yake mara nyingi haifiki hata nusu mikroni, kazi yake ni kuzuia nikeli isififie na kuipa ule ubuluu wa baridi. Dawa yake ya kawaida ina takriban gramu 250 za trioksidi ya kromiamu kwa lita, na gramu 2.5 za asidi ya salfa. Umeme mwingi unaopita humo haufanyi kromu bali unatoa haidrojeni, na yale mapovu yakipasuka hurusha hewani ukungu wa kromiamu-sita, ile aina yake yenye sumu. Ukungu huo hutoboa ukuta wa pua na husababisha saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu kuitumia trioksidi hiyo bila kibali maalumu. Ndiyo maana nimesema hapana. Na jambo moja wanaloonyeshana watu kwenye video: kutia kijiko cha chuma kisichoshika kutu kwenye siki na kupitisha umeme. Kijiko kile kina kromiamu ndani yake, na yale maji ya manjano unayoyaona ni sumu ile ile.

Unachoweza kufanya nyumbani ni nikeli, na kwa maoni yangu kwa boti ya 1:10 inatosha. Ukiweka nikeli na kromu pamoja utaona nikeli ina umanjano kidogo. Ikiwa peke yake juu ya mahogani, hakuna atakayekuuliza. Njia ya kawaida: gramu 250 hivi za salfati ya nikeli kwa lita, kloridi ya nikeli gramu 45, asidi ya boriki gramu 35, kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri (soma chupa, usije ukachukua asidi). Joto nyuzi 50 hadi 55. Kipande cha nikeli safi kwenye chanya, kifaa chako kwenye hasi. Vaa glavu, kwani nikeli huleta mzio wa ngozi usioisha, na dawa iliyochoka usiimwage kwenye mtaro.

Wengi wanaharibia kwenye umeme. Pembe yako pamoja na kibao ina eneo la sentimita 5 za mraba hivi. Nikeli inataka ampea 3 kwa kila sentimita 100 za mraba. Kwa hiyo unahitaji ampea 0.15 tu. Mtu akiunga chaja ya betri ya gari inayosukuma ampea tano, anatoa kifaa cheusi chenye unga kama masizi na anailaumu dawa. Tafuta chanzo cha umeme chenye kurekebishika, kifunge kwenye kiasi hicho, na kwa dakika 15 utapata mikroni 9 hivi. Kitikise kifaa kila mara ili mapovu yasing'ang'anie, kwa sababu kila povu linaacha kitundu.

Ukishikilia kuwa lazima kromu, basi lehemu kwa fedha, chovya nikeli vizuri, halafu umpelekee fundi juu ya fremu ya waya mnene wa shaba, kila kipande kimefungwa mguu wake. Zungushia waya mwingine wazi kupita karibu na zile ncha mbili. Waya ule unaiba umeme unaokimbilia nchani, na bila mwizi huyo ncha huungua zikawa kijivu. Chini ya ulalo, pale kamba inapopita, kromu karibu haitafika kabisa. Ndivyo ilivyo, haipendi kuingia mashimoni. Nikeli ikiwa imekaa vizuri hapo utaona tofauti ya rangi tu, hutaona shaba. Kulehemu kote kuwe kumekwisha kabla, maana lehemu ya risasi haishiki juu ya kromu.

Na kuna njia ya kukwepa matangi yote, ambayo wengi hawaifikirii. Shaba ya nikeli, ile ya vijiko vya zamani vilivyopigwa chapa EPNS, haina fedha ndani isipokuwa utando mwembamba wa juu. Chini yake ni shaba nyekundu, zinki na nikeli, nyeupe mpaka kiini. Inakatwa, inatoboka na kulehemika karibu sawa na shaba ya njano, ila moto wake uwe mkubwa kidogo. Unaisugua inang'aa, umemaliza. Kwa vyuma vya kushikia ubavuni, sindano mpya za duka la mifugo ni bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, zimenyooka na zina mng'ao tayari. Kata ncha kwa jiwe, usijaribu kwa koleo, zinabonyea.

Kwa wengine wanaosoma hapa na wanatengeneza meli za zamani: kromu haikuingia viwandani mpaka katikati ya miaka ya 1920. Anayeitengeneza Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen, asihangaike na lolote kati ya haya. Shaba tupu, Brasso, kwisha.

Mkuu, kuhusu zile sita ulizo nazo: mwombe fundi azivue kromu na nikeli, usizivue mwenyewe. Lakini usije ukazilehemu upya kwa fedha. Hata ukiikwangua risasi vipi, mabaki yake yakipata joto la nyuzi 600 na ushee yanaila shaba na kuacha mashimo ambayo msasa hauyafuti. Hizo ziweke kwa boti ya kupaka rangi, kisha uanze sita nyingine. Niandikie kipenyo cha vinguzo vyako na aina ya tochi ya gesi uliyo nayo, nikuambie ukate lehemu kiasi gani.