Mgao kuingia kaunti si wewe kulipwa: usipeleke hivyo viti

Usipeleke. Dada, umeandika kwamba afisa wa kaunti amekupigia akitaka viti na meza 200 za chekechea zifike kabla ya Juni 30, LPO (hati rasmi ya kuagiza mzigo) itafuata, usiwe na wasiwasi kwa sababu mgao, ile sehemu ya mapato ya taifa ambayo kaunti za Kenya hupewa, umeshaingia. Nimesoma hapo nikahisi tumbo linanikata. Maneno hayo niliambiwa mimi Juni 2024, nikayaamini.

Vyangu vilikuwa vitanda 60 vya chuma na magodoro yake, vya hospitali moja ya kaunti ndogo. Jina la kaunti silitaji. Zabuni niliishinda kihalali na barua ninayo. Afisa wa ununuzi akanionyesha kwenye simu yake habari kwamba Hazina Kuu imeachilia mgao. Nikakopa Sacco 1,400,000, wadhamini wangu wakiwa shemeji na jirani. Mafundi wakachomelea usiku na mchana, vitanda vikafika tarehe 24, mtu wa stoo akatia sahihi. Yeye peke yake. Kamati ya kukagua na kupokea mzigo haikukaa, na LPO hadi leo sijaiona kwa macho.

Sasa elewa pesa inavyosafiri. Ikitoka Mfuko Mkuu wa Serikali inatua kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, ile wanayoiita CRF, akaunti iliyo Benki Kuu. Ikiwa hapo bado haigusiki. Kifungu cha 207 cha Katiba hakiruhusu shilingi kutolewa humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget). Kaunti inapeleka maombi ikieleza inataka kulipa nini, na yakikubaliwa ndipo pesa inahamia akaunti ya matumizi, kisha malipo yapite IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali. Katika foleni hiyo mishahara hutangulia. Kwa hivyo mgao alionionyesha yule afisa uliingia kweli, ukalipa mishahara, ukaisha.

Lakini hata usingeisha nisingepata kitu, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Vitanda vyangu havikuwa vya mgao kabisa! Kwenye bajeti vilikuwa chini ya ruzuku yenye masharti ya vituo vya afya. Pesa za aina hiyo huwekwa akaunti yake maalum, hazilipi kitu kingine, na mgao wa kawaida hauzibi pengo lake. Kaunti ingekuwa na mabilioni kwenye mgao, mimi ningebaki na njaa yangu. Na ruzuku yenyewe haikuwa imefika. Kwamba vitanda ni vya ruzuku iliandikwa kwenye kitabu cha bajeti ya kaunti ambacho mtu yeyote ana haki ya kukisoma. Mimi nilisoma simu ya afisa.

Juni 30 mwaka wa fedha ukafungwa, na idhini ya bunge la kaunti ya kutumia pesa za mwaka huo ikafungwa nao. Ngoja Julai, nikaambiwa. Mwaka huo mpya ndio ule ambao Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya maandamano, mgao wa kaunti zote 47 ukashushwa kutoka bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4. Mswada wa mgao wa ziada, ule unaobeba ruzuku, ukakwama kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti wakigombania bilioni 10.5 za ushuru wa barabara. Vitanda na barabara, wapi na wapi? Ila vyote vilikuwa ndani ya mswada mmoja, na kimoja kikikwama vyote vinangoja.

Baadaye ikaundwa kamati ya kuhakiki madeni ya kaunti. Wakaniuliza nambari ya LPO. Sina. Ripoti ya kukagua mzigo? Sina. Deni langu likakatwa kwa kalamu, na wagonjwa wanalala kwenye vitanda vile mpaka usiku wa leo. Sacco haikungoja kamati. Akiba ya shemeji yangu ilikwenda yote.

Yule afisa nimemkasirikia na sijapoa. Alijua. Sheria ya ununuzi ya 2015 inakataza zabuni hata kuanza kabla ya kuhakikisha pesa ziko kwenye bajeti iliyopitishwa, naye alijua kwa nini LPO haitoki. Alitaka kuonekana amefanya kazi kabla mwaka haujafungwa, akaufanya mkopo wangu kuwa pesa za kaunti. Sasa yuko idara nyingine, simu hapokei. Na nyinyi mnaomwambia dada hapa kwamba serikali haikosi kulipa, mlitia sahihi udhamini wa nani? Atakayesema nilikuwa mjinga, karibu, lakini aanze kwa shemeji yangu. Foleni ya kunitukana ameishika yeye.

Dada, lori halitoki kabla hujashika LPO iliyochapwa kutoka IFMIS na kujua kazi yako inalipwa na mfuko gani. Muulize waziwazi: ni mgao, ni ruzuku, au ni mapato ya kaunti yenyewe? Akisema ruzuku, muulize kama imeshaingia kwenye akaunti yake maalum. Akisema mapato ya masoko na maegesho, jua kwamba kaunti nyingi hukisia makubwa kwenye bajeti na hukusanya kidogo. Akisema mgao, muulize kama ombi lenye kazi yako limeshaidhinishwa na Msimamizi wa Bajeti, na akuonyeshe. Akikujibu kwamba unachelewesha watoto wa chekechea, ndivyo nilivyoambiwa kuhusu wagonjwa.

Viti haviozi. Vikikaa karakanani mpaka Septemba bado ni vyako, utaviuza hata kwa shule ya kanisa. Kama umeshapakia, shusha leo.