Gego lililotibiwa bado linauma: je, ling'olewe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 41 na ninaishi Morogoro. Mwaka jana nilitibiwa mzizi wa gego la kwanza la juu, upande wa kushoto, likazibwa, nikapata nafuu kwa miezi kadhaa. Sasa nikilitafunia linauma, na kwenye ufizi juu yake kumeota kipele kinachotoa usaha, kinakauka kisha kinarudi. Nimemeza amoksilini mara mbili bila nafuu ya kudumu. Daktari mmoja amesema ling'olewe. Mwingine amesema linaweza kutibiwa upya kwa hadubini jijini Dar es Salaam, ila gharama ni kubwa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole sana. Nakuomba usikubali kung'olewa jino hilo kabla halijachunguzwa ndani na daktari mwenye vifaa vya kulionea vizuri, kwa sababu jino lililotibiwa likaendelea kuuma si lazima liwe limekwisha. Mara nyingi lina mfereji, yaani njia nyembamba iliyo ndani ya mzizi, ambao haukuonekana mara ya kwanza.

Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba lina mifereji mitatu. Hata hivyo, katika zaidi ya nusu ya magego hayo, mzizi wa mbele ulio upande wa shavu huwa na mifereji miwili, na ule wa pili una mdomo mdogo sana ambao aghalabu hufunikwa na ukingo wa dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayozunguka kiini. Mfereji huo ukiachwa, mabaki ya kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino, huoza humo, bakteria huzaliana, na usaha hupenya mfupa hadi ukatokeza kwenye ufizi. Inaelekea kipele chako kimetokana na hali kama hiyo. Amoksilini haikuweza kukiponya kwa sababu dawa husafirishwa na damu, na ndani ya mfereji uliokufa damu haiingii tena.

Hapo ndipo hadubini inapokuwa na kazi. Hukuza hadi mara 20 au zaidi, na taa yake humulika moja kwa moja ndani ya jino, mahali ambapo taa ya juu ya kiti hutupa kivuli tu. Sakafu ya uwazi ulio ndani ya jino huonekana na rangi iliyokolea kuliko kuta zake, na mistari myembamba iliyo juu yake huunganisha mdomo wa mfereji mmoja na mwingine. Daktari huifuata mistari hiyo, akiondoa dentini kidogo kidogo. Akimimina sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile iliyomo katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wakati mwingine huona vipovu vidogo vikipanda kutoka sehemu moja tu ya sakafu. Vipovu hivyo humwonyesha mahali palipobaki nyama ya kiini, na mara nyingi mfereji uliopotea huwa papo hapo. Kazi hii hufanyika kwa ganzi, na jino huzungushiwa karatasi nyembamba ya mpira ili mate yasiingie na dawa isifike kooni.

Usimlaumu daktari wako wa kwanza. Nchini Marekani mafunzo ya hadubini yalikuja kuwa ya lazima kwa wanaosomea ubingwa wa mizizi ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, na kwetu kliniki zenye chombo hicho bado ni chache.

Yapo meno ambayo hata mimi ningeyang'oa. Mzizi uliopasuka kwa urefu hauungiki, na jino lililobaki kisiki chini ya ufizi, au lililolegea kwa kuliwa mfupa wake, halina pa kushikilia kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa jino. Ufa wa namna hiyo huweza usionekane kwenye eksirei ya kawaida ila ukaonekana chini ya hadubini, ndiyo maana nimesema lichunguzwe kwanza. Ukielezwa kwamba limepasuka, omba uonyeshwe.

Kuhusu gharama, kung'oa ni rahisi siku ile ile, lakini pengo litakudai meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, daraja (jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani) au kipandikizi (jino la bandia linalopandikizwa mfupani), na kipandikizi kwa kawaida hugharimu zaidi ya kutibu mzizi upya. Tena jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zenye hisia, hata lile lililotolewa kiini: ukitafuna wali wenye punje ya mchanga, nyuzi hizo hukustua usitishe taya. Kipandikizi kimeshikana na mfupa, hakina nyuzi hizo.

Ukienda Dar es Salaam, beba picha zako zote za eksirei, na uliza bei ya matibabu pamoja na ya kofia, kwa sababu gego lililotibiwa mzizi bila kufunikwa huvunjika kwa urahisi. Wakati unajipanga, usikibinye kipele hicho. Uso ukivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.