Kugawanya kwa -1 kunaua programu yangu

SWALI: Fundi habari za kazi. Najifunza C, nimeandika kikokotoo kidogo, sasa nikigawanya -2147483648 kwa -1 kwenye laptop yangu ya Intel programu inakufa palepale na Linux inaandika "Floating point exception", wakati humo ndani sijaweka desimali hata moja. Kodi hiyohiyo kwenye simu ya mwenzangu haifi, inarudisha -2147483648. Kosa liko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera, wengi wanaandika kodi miaka na miaka hawajakutana na hii. Chukua namba ndogo za biti 4 tu, zinaanzia -8 zinaishia 7, yaani upande wa hasi umezidi moja. Gawanya -8 kwa -1, jibu ni 8, na 8 haina pa kukaa. Yako ya biti 32 ni hivyohivyo, chanya inaishia 2147483647 na jibu lako limepitiliza kwa moja.

Prosesa ya Intel ikiona jibu haliingii kwenye rejista (kisanduku kidogo cha kuwekea namba ndani ya prosesa) inakata kazi na kupiga kengele ileile ya kugawanya kwa sifuri, Linux inaipeleka kwa programu kama ishara inayoitwa SIGFPE (FPE ni kifupi cha "floating point exception"), jina la zamani linalobeba makosa ya hesabu za kila aina, ndo maana ukaambiwa mambo ya desimali. ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye simu, inanyamaza. Inaacha biti zilivyo, na kwenye biti 4 hiyo 8 inaandikwa 1000, ambayo ukiisoma kama namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi au chanya) ndo -8 uliyoanza nayo. Mi naipenda ya Intel, programu iliyokufa utaitafutia tatizo leoleo ila jibu la uongo litafika mpaka kwa mteja.

Kwenye kujumlisha Intel haikati kazi, inawasha tu biti ya OF (overflow, alama ya kufurika): kinachobebwa kuingia biti ya mwisho kushoto kikitofautiana na kinachotoka, namba yenye alama imefurika.

Kosa ni la kodi, C haijaahidi jibu lolote hapo. Kabla ya kugawanya a kwa b kagua kama b ni 0, halafu kama a ni INT_MIN (jina la C la int ndogo kabisa, kwako -2147483648) na b ni -1. Usihofie kasi, ukaguzi huo ni mwepesi, kugawanya kwenyewe ndo kuzito, mpaka kompaila (programu zinazogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) zinakwepa kugawanya: ukiandika x / 10 kwa namba isiyo na alama ya biti 32, mara nyingi kompaila inazidisha kwa 3435973837 halafu inasogeza biti kulia mara 35, na jibu linatoka lilelile kwa kila x.