Kuweka deki ya CD kwenye pikapu mpya bila kung'oa skrini ya kiwandani

Mkuu, suala lako nimelishughulikia kwa mikono yangu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Umesema umenunua Ford Ranger ya toleo la sasa, lile lenye skrini ya kusimama katikati ya dashibodi, na kwamba una CD nyingi za taarab, za kwaya na za mawaidha ya marehemu baba yako ambazo huwezi kuzipata mtandaoni. Umesema pia kuwa fundi mmoja amekushauri aing'oe skrini hiyo na kuweka redio nyingine yenye tundu la CD. Mimi natumia gari la aina hiyo hiyo, na CD zangu bado nazisikiliza kila ninaposafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ushauri wangu ni kwamba skrini usiiguse kabisa. Deki ya CD iingize kupitia USB, na iwe deki iliyotengenezwa mahsusi kwa magari.

Nianze na skrini, maana hapo ndipo watu hupoteza fedha nyingi. Redio za zamani zilikuwa vifaa vya kujitegemea. Zilikaa kwenye tundu la kipimo kinachojulikana dunia nzima, upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, au 100 kwa zile kubwa. Fundi alichomoa nyaya za umeme na za spika, akaweka redio nyingine, na gari likaendelea kama kawaida. Ranger iliyoingia sokoni mwaka 2022 haiko hivyo. Skrini yake ni ya inchi 10.1 au 12 kutegemea toleo, na nyuma yake hakuna tundu la mstatili linalosubiri redio nyingine. Picha ya kamera ya nyuma inatokea humo, marekebisho ya kiyoyozi na ya mambo mengi ya gari yanafanyika humo, na mfumo wote huo unawasiliana muda wote na kompyuta nyingine za gari kupitia nyaya za mfumo wa CAN, yaani njia ya pamoja ambayo vifaa vya gari hupashana habari. Anayekuambia ataing'oa na kila kitu kitabaki sawa, mwombe kwanza akuonyeshe gari kama lako alilokwisha kulifanyia hivyo, ulijaribu kiyoyozi na kamera wewe mwenyewe. Kumbuka pia kwamba gari bado lina dhamana, na nyaya zilizokatwa ni sababu rahisi mno ya kukunyima haki ya dhamana hiyo siku mfumo wa umeme utakaposumbua.

Sasa tuje kwenye USB. Wengi wakisikia neno hilo huchukua kiendeshi cha CD cha kompyuta na kukichomeka kwenye gari, kisha wakaona skrini haitambui chochote. Kiendeshi hicho ni kizima kabisa. Tatizo ni kwamba CD ya muziki haina mafaili. Kiwango kilichowekwa na Philips na Sony, ambacho CD zake zilianza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi sauti kama mfululizo mmoja mrefu wa namba: sampuli 44,100 kwa sekunde kwa upande wa kushoto na idadi hiyo hiyo kwa upande wa kulia, kila sampuli ikiwa na biti 16. Gari, kwa upande wake, linatafuta flashi, yaani kifaa chenye mafaili ya MP3, WAV na mengine ya namna hiyo, wala halina programu ya kuendesha kiendeshi cha CD. Deki za CD za USB zinazotengenezwa kwa ajili ya magari zina kompyuta ndogo ndani yake ambayo husoma CD na kujitambulisha kwa gari kuwa ni flashi. Kila wimbo hujitokeza kwenye skrini kama faili moja, na vitufe vya usukani vya kuruka wimbo au kurudi nyuma hufanya kazi bila kuongeza waya hata mmoja.

Unapoingiza CD, utasikia mota ikianza kuzunguka, kisha kuna sekunde kadhaa za kimya wakati gari linasoma orodha ya nyimbo, na hapo ndipo wimbo wa kwanza unapoanza. Usikimbilie kubonyeza kitu katika kimya hicho. Kwa kawaida majina ya nyimbo hayatokei. Utaona tu wimbo namba 1, namba 2 na kuendelea, kwa kuwa CD nyingi hazikuandikwa majina hayo. Katika rekodi za moja kwa moja, ambapo wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine bila kupumua, utasikia pengo dogo katikati, kwa sababu gari linafunga faili moja na kufungua jingine. Kwa mpenzi wa taarab ya ukumbini pengo hilo linakera, nami linanikera, lakini kwa mawaidha na kwaya halina madhara yoyote.

Kabla ya kununua, hakikisha tundu la USB unalokusudia kulitumia linapitisha data. Magari mapya yana matundu kadhaa, na baadhi yake ni ya kuchajia tu. Chomeka flashi yenye nyimbo katika kila tundu, na lile litakalofanya nyimbo zionekane kwenye skrini ndilo la deki. Jambo la pili ni nguvu ya umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, nayo mota ya deki inapoanza kuzungusha CD huweza kuhitaji zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: deki inalia, inasita, inajizima, kisha inaanza upya. Dawa yake ni waya wenye ncha mbili za USB, moja ikiingia kwenye tundu la data na nyingine kwenye chaja nzuri iliyo kwenye tundu la volti 12. Ukitaka kazi safi isiyoonyesha nyaya, fundi umeme wa magari anaweza kukuwekea kifaa cha kushusha volti 12 kuwa volti 5, akichukua umeme kwenye boksi la fyuzi kupitia fyuzi yake ya pembeni, katika mstari unaokatika gari linapozimwa. Msisitizie asikate wala kuchubua waya wowote wa kiwandani.

Pahali pa kuifunga deki ndipo penye kazi kubwa kuliko yote, hasa kwa pikapu. Mwali mwembamba wa mwanga ndani ya deki, yaani leza, unafuata mstari wa alama ndogo sana uliojiviringisha kuanzia katikati ya CD kuelekea ukingoni, na umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni sehemu 1.6 tu za elfu za milimita. Wakati huo CD inazunguka mara 500 hivi kwa dakika inapoanza na kushuka hadi kama 200 inapomalizika, na hiyo ni kwa mwendo wa kawaida wa kusikiliza. Pikapu nayo ina springi za majani nyuma, na ikiwa tupu kwenye barabara ya changarawe kila kitu ndani yake kinatetemeka. Deki nzuri husoma mbele na kuweka sauti kwenye kumbukumbu, hivyo leza ikipoteza njia kwa sekunde mbili tatu hurudi kusoma tena na wewe husikii chochote. Hata hivyo kumbukumbu hiyo ina mwisho, na mtetemo usiokatika huimaliza.

Kwa hiyo deki isikae juu ya dashibodi, ambako jua litaichoma na kioo kitarudisha joto lote juu yake, wala isikae chini ya kiti, ambako vumbi la miguu litaingia kwenye tundu na kufunika leza. Yangu iko kwenye droo iliyo mbele ya kiti cha abiria, imelala bapa, chini yake pana kipande cha sponji ngumu yenye unene wa kidole, na imeshikwa kwa mkanda wa kunata upande wa mbele na wa nyuma. Sponji laini ya godoro haifai, kwa sababu deki itaanza kurukaruka yenyewe hata pale gari lenyewe limetulia. Waya unatoka kupitia upenyo wa pembeni wa droo, unashuka nyuma ya plastiki ya katikati na kutokea penye tundu la USB, ukiwa umefungwa kila baada ya kitambo ili usigonge. Matuta madogo madogo yanayopangwa barabarani kabla ya vijiji ndiyo kipimo changu: ukiyapita kwa mwendo halali na sauti isikatike, umeifunga vizuri.

Njia nyingine zipo, na nimezitumia pia. Ile ya kurusha sauti kwa masafa ya FM kwenda kwenye redio siipendekezi kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, kwani vituo vimebanana sana kati ya megahezi 88 na 108. Ukivuka Chalinze unapata nafasi iliyo wazi, lakini ukirudi mjini kituo kinakuingilia katikati ya beti. Deki ndogo ya mkononi yenye Bluetooth ni bora zaidi. Huhitaji waya wa data, na kama ina betri yake hata suala la umeme linapungua. Kasoro yake ni kwamba sauti hubanwa kabla ya kurushwa, na kwamba gari hupokea muziki wa Bluetooth kutoka kifaa kimoja kwa wakati, hivyo utakuwa ukichagua kati ya simu na deki kila mara. Waya wa AUX, yaani ule wa kupitisha sauti moja kwa moja kutoka deki hadi redio, ungekuwa suluhisho rahisi kuliko yote kama gari lako lingekuwa na tundu lake. Wenye pikapu za zamani kidogo walio na tundu hilo wafahamu tu kwamba deki ikichajiwa kutoka kwenye gari hilo hilo, mara nyingi spika hutoa mluzi unaopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa, na mluzi huo hutibiwa kwa kifaa kidogo cha kutenganisha ethi (njia ya umeme ya kurudi kwenye bodi ya gari) kinachokaa katikati ya waya wa sauti.

Kuhusu CD zenyewe, naomba unisikilize vizuri, hasa kwa zile za baba yako. CD ya kiwandani imegongwa alama zake kwenye plastiki, lakini CD iliyochomwa kwenye kompyuta huhifadhi alama hizo katika tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga wa jua na joto. Gari lililoegeshwa juani saa saba mchana ni mahali pabaya kabisa pa kuziacha. CD za mawaidha yaliyorekodiwa nyumbani au msikitini karibu zote ni za kuchomwa, kwa hiyo usiziingize kwenye gari kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo Exact Audio Copy, ambayo husoma kila sehemu kwa uangalifu na kurudia pale inapotilia shaka. Hifadhi katika aina ya faili iitwayo FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza hata biti moja ya sauti. CD ya dakika 74 ikiwa WAV hula takriban megabaiti 780, na ikiwa FLAC mara nyingi hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, kwa ndugu yako. Ukishafanya hivyo, chukua CD tupu uchome nakala ya kusikilizia safarini, na ile ya asili ibaki kabatini.

CD ikiwa chafu, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje moja kwa moja, usiizungushe. Mfumo wa kusahihisha makosa unaweza kufidia pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wa alama, kwa hiyo mkwaruzo mwembamba unaokata mistari hauna shida kubwa, ila ule unaofuata mzunguko unaweza kuzima sauti kabisa. Usiweke CD yenye karatasi ya jina iliyobandikwa juu yake kwenye deki ya kumeza. Karatasi ikibanduka ndani, deki hiyo itabidi ifunguliwe.

Utakapokwenda Kariakoo kununua, nenda na gari lenyewe na umwombe muuzaji akuruhusu ujaribu papo hapo. Chukua CD mbili, moja ya kiwandani na moja ya kuchomwa, kwa kuwa zile za kuchomwa hurudisha mwanga hafifu kuliko za kiwandani na deki dhaifu huzikataa. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila CD, kwani ukingoni ndiko deki mbovu hushindwa kusoma. Zima gari, liwashe tena, uangalie kama deki inatambuliwa yenyewe bila kuchomoa waya. Ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo, mrudishie na ujaribu ya aina nyingine.